Bando liliisha kabla kompyuta haijasikia neno

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Mtafiti anakwenda kijijini na kinasa sauti, anarudi na mafaili thelathini au arobaini, ananitumia, nami naandika neno kwa neno kila kilichosemwa, pamoja na vikohozi, "eeh" za katikati, na pale jogoo alipowika juu ya jibu la mtu. Saa moja ya mahojiano safi hunichukua saa tano kuiandika. Yakiwa ya kikundi, akina mama wanane wakizungumza kwa mpigo chini ya mwembe, siku nzima inaweza kuisha sijavuka dakika arobaini. Nina miaka sita katika kazi hii. Imenisomeshea mtoto na imeniharibia bega la kulia.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kuna programu inayosikiliza sauti na kuiandika, na kwamba Kiswahili kimo, sikupata usingizi. Inaitwa Whisper. Kampuni ya OpenAI iliitoa Septemba 2022, bure, na mtu anaruhusiwa kuiendesha ndani ya mashine yake mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Mahojiano ninayonukuu si mali yangu. Kila mhojiwa ametia saini au dole gumba kwenye fomu inayosema sauti yake haitatoka nje ya timu ya utafiti, na tangu Mei 2023 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Siwezi kuchukua sauti ya mama anayeeleza jinsi mumewe alivyouza mtumbwi bila kumwambia, nikaipandisha kwenye seva ya mtu nisiyemjua, eti kwa sababu bega linaniuma. Nilihitaji mashine ya kufanya kazi hapa hapa mezani, hata intaneti ikiwa imezimwa.

Nikadunduliza. Agosti 2025 nikashuka Kariakoo, nikanunua laptopu yenye kadi ya picha ya RTX 5060 ya kampuni ya NVIDIA, kumbukumbu yake GB 8. Waliotangulia kwenye shughuli hii walikwisha kuniambia kwamba bila kadi ya picha modeli kubwa za sauti kama Whisper huenda mwendo wa kinyonga. Kadi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, lakini kile zinachokijua, yaani kupiga hesabu maelfu kwa pamoja, ndicho hasa modeli hizi zinachokihitaji.

Nilikuwa pia na orodha. Mwaka mmoja nyuma nilihudhuria mafunzo ya siku tatu, na mkufunzi alitugawia faili dogo lenye jina la kila programu inayohitajika na namba ya toleo lake. Alituambia tukilifuata hatutapotea. Kwenye mashine za mafunzo kila kitu kilikwenda sawasawa, kwa hiyo nililitunza faili lile kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja. Halikuwa na kosa hata moja. Ila liliandikwa kwa ajili ya kadi za wakati ule, na mimi sikujua kwamba umri wa kadi ni jambo la kuulizia.

Usiku wa kwanza sikufika hata kwenye orodha. Nilinunua bando la GB 10, nikawasha hotspoti ya simu, nikaiunganisha laptopu, kisha nikaenda kupika. Niliporudi kula nikiwa nasoma maelekezo, ujumbe ukaingia kwenye simu: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Kumbe mfumo endeshi ulikuwa unajisasisha kimyakimya. Kompyuta mpya ikiona Wi-Fi mara nyingi huichukulia kuwa haina mwisho. Kuna mahali kwenye mipangilio ya mtandao pa kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa, ikatulia. Ni kitufe kimoja tu, lakini sijaona maelekezo ya kusakinisha programu hizi yanayoanza na kitufe hicho. Wanaoyaandika wanakaa mahali ambapo intaneti inatoka ukutani kama maji.

Siku ya pili nikaanza kazi yenyewe. Nikapakua Python, lugha ya kompyuta ambayo programu hizi huendeshwa kwayo, toleo jipya kabisa wakati huo, 3.13. Nikaandika amri ya kusakinisha mambo yote ya kwenye orodha. Kompyuta ikajibu kwamba haikuona torch 2.1.2. Torch ndiyo maktaba inayobeba hesabu zote, bila hiyo Whisper haiendi. Nikarudia. Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika upya kwa uangalifu, herufi kwa herufi, jibu likawa lile lile. Haikuniambia kwamba torch hiyo ipo, ila haikutengenezwa kwa Python niliyoweka. Ilinichukua usiku mzima kugundua kwamba torch 2.1 inaishia Python 3.11. Nikaweka Python 3.11 kando ya ile ya kwanza, nikatengeneza folda yenye Python yake peke yake isichanganyikane na nyingine, nikarudia amri. Ikashuka haraka, haikufika MB 200, ikasakinika bila neno. Nilifurahi kwa jinsi ilivyokuwa ndogo, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Kuna swali moja ambalo kila anayeanza huiuliza torch: je, unaiona kadi ya picha? Jibu ni neno moja, True, yaani ndiyo, au False, yaani hapana. Niliandika swali, nikabonyeza, nikasubiri.

False.

Naomba nieleze neno hilo linavyokaa kifuani mwa mtu aliyetoa akiba ya miezi kumi na minne kununua kadi hiyo. Halisemi kwamba kadi ni mbovu, wala kwamba draiva, ile programu inayoiunganisha kadi na mfumo endeshi, ni ya zamani, wala kwamba umepakua kifurushi kisicho chako. Hali zote hizo jibu ni hilo moja. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimeuziwa kadi isiyofanya kazi, na nilikaribia kurudi dukani kugombana na kijana wa watu asiye na kosa.

Nikaanza kubahatisha. Nikaona kuna amri inaitwa nvidia-smi, nikaiendesha, likatokea jedwali, na pembeni juu kulia limeandikwa CUDA 12.9. CUDA ndiyo njia ambayo programu hutumia kuzungumza na kadi za NVIDIA. Nikafikiri, kumbe ninayo. Kisha nikasoma mahali kwamba huenda ninalo jina tu, kitu chenyewe hakimo. Nikapakua CUDA nzima, zaidi ya GB 3, bando la siku mbili. Nikasakinisha, nikazima, nikawasha, nikauliza tena. False.

Leo najua namba ile ya pembeni haisemi nini kimesakinishwa. Inasema draiva yako inaweza kufika mpaka toleo gani la CUDA. Na torch ya kadi ya picha huja na vipande vyake vya CUDA ndani yake, kwa hiyo kwa kazi yangu hazikuhitajika zile GB 3 hata kidogo. Ilichohitaji ni draiva tu, na draiva ilikuwamo tangu dukani. Tatizo lilikuwa kwamba torch niliyopakua haikuwa na sehemu ya kadi ya picha kabisa. Kwenye Windows, ukiomba torch bila kutaja chochote zaidi, unapewa ile ya kichakataji cha kawaida, yaani CPU. Jina lake kamili lilikuwa 2.1.2+cpu. Herufi tatu za mwisho zilibeba jibu lote, na sikuwa nimewahi kuuliza jina kamili.

Nikatafuta ile yenye kadi. Karibu GB 2.5. Nikaianza saa nne usiku, nikakaa nayo nikiangalia mstari ukijaa. Asilimia 30. Asilimia 50. Saa sita kasoro umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ilibaki hai kwa betri, lakini simu yenye hotspoti ilikuwa na chaji ya asilimia 4 na ndiyo kwanza niliichomeka. Ikazima mstari ukiwa asilimia 71. Umeme uliporudi alfajiri niliendesha amri ile ile nikitegemea itaendelea ilipoishia, na ikaanza sifuri. Nilikaa kitandani nikalia. Si kwa ajili ya GB peke yake. Mahojiano ya watu yalikuwa yananingoja, mtafiti ameuliza mara mbili, na wiki nzima nilikuwa sijaandika hata ukurasa.

Jumapili alikuja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma kompyuta chuoni mwaka wa tatu. Wakati huo torch ya GB 2.5 ilikuwa imekwisha kushuka, kwa bando jingine, na swali langu hatimaye lilikuwa limejibiwa True. Lakini nilipoiomba hesabu ndogo tu ya kujaribu, ilitema onyo refu na kukataa.

"Shikamoo dada. Mbona umekonda?"

"Marahaba. Njoo uone hii kitu kabla hujaketi."

Hakugusa kibodi. Alisoma onyo lile kwa sauti, taratibu, akinitafsiria. Lilisema kadi yangu ni ya sm_120, na torch hii inazijua kadi kuanzia sm_50 hadi sm_90.

"Dada, hizi namba ni kizazi cha kadi. Torch inakuja na maelekezo yaliyokwisha kuandaliwa kwa kila kizazi. Hii yako ilitoka lini?"

Tukaangalia. Toleo 2.1.2 ni la Desemba 2023. Kadi yangu ni ya mwaka 2025.

"Sasa ulitaka imjue mtu ambaye alikuwa hajazaliwa?"

Nilimuuliza mbona basi imesema True. Akaniambia True ile ina maana imeiona kadi na kuitambua kuwa ni ya NVIDIA. Kuongea nayo ni jambo jingine. Kadi za kizazi hiki zilianza kupokelewa rasmi kwenye torch 2.7, ya Aprili 2025, na lazima iwe ile iliyofungashwa na CUDA 12.8. Orodha niliyoitunza mwaka mzima ndiyo iliyokuwa inanirudisha nyuma kila siku, na nilivyozidi kuifuata kwa uaminifu ndivyo nilivyozidi kupotea.

Kisha akaniuliza jambo ambalo ningependa kila anayeanza aulizwe kabla hajapakua chochote: "Kadi yako inataka torch ipi? Torch hiyo inataka Python ipi? Na programu yako inaikubali torch hiyo?" Alianza chini, kwenye chuma, akapanda juu. Mimi nilikuwa nimeanza juu, kwenye orodha ya programu, nikawa nashuka gizani. Maelekezo mengi niliyoyasoma yanasema jaribu hiki, kisipofanya kazi ondoa, jaribu kile. Kwa mtu anayepakua GB 3 kwa dakika nne huo ni ushauri mzuri. Kwangu kila "jaribu" ni bando, na usiku mmoja. Sina uwezo wa kubahatisha, kwa hiyo lazima nijue kwanza.

Akanionyesha na namna ya kupakua. Badala ya kuiachia pip, ile amri ya Python ya kusakinisha niliyokuwa natumia, alitafuta faili lenyewe la torch 2.7.1 kwa Python 3.11, akanakili anwani yake, akatumia curl, programu ya kupakua mafaili ambayo imo tayari ndani ya Windows, pamoja na alama za -C na kistari kimoja mbele yake. Alama hizo huiambia iendelee pale ilipoishia. Faili lilikuwa zaidi ya GB 3. Lilikatika mara tano kwa siku mbili, na mara zote tano liliendelea. Liliposhuka, jina lake lilikuwa na %2B mahali pa alama ya kujumlisha, tukalisahihisha, maana pip hulisoma jina la faili na isipolielewa inalikataa. Tukalinganisha pia alama ya utambulisho ya faili na ile iliyoko kwenye anwani yake, tarakimu na herufi 64, yeye akisoma na mimi nikifuata kwa kidole. Zilifanana.

Nikauliza tena swali langu. True. Nikaiomba hesabu. Ikajibu papo hapo, bila onyo.

Yaliyobaki yalikuwa madogo, ingawa yalikula siku mbili nyingine. Nilisakinisha kitu kinachoitwa whisper kikakataa kuanza. Kumbe jina hilo lilikwisha kuchukuliwa na programu nyingine kabisa, ya kuhifadhi takwimu za seva, na ninayoitaka mimi inaitwa openai-whisper. Halafu ikalalamika kwamba haikuona faili niliyotaja. Nilihamisha faili la sauti folda hadi folda, nikalibadilisha jina, nikaondoa nafasi kati ya maneno. Faili lilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni ffmpeg, programu inayoifungua sauti, ambayo lazima uiweke mwenyewe, na ujumbe ule haukuitaja ffmpeg hata mara moja. Tangu hapo nikiona "haijaonekana" najiuliza kwanza, haijaonekana nini?

Whisper huja na modeli za ukubwa mbalimbali, na hapo nilikuwa nimejifunza kuuliza. Watengenezaji wanasema ile kubwa inataka kama GB 10 za kumbukumbu ya kadi, na ya kati kama GB 5. Nina 8. Nikachukua ya kati, GB 1.4, sikuigusa kubwa.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Jumla nilitumia karibu GB 20. Zilizohitajika kweli hazikufika 5. Mafaili yale yaliyofanya kazi sasa yamo kwenye flashi iliyofungwa ndani ya kopo la vifungo, pamoja na karatasi yenye kila namba ya toleo, aina ya kadi, na tarehe. Wanukuzi wenzangu wawili wamekwisha kuja kunakili. Mmoja ana kadi ya kizazi cha nyuma, na kabla ya kumpa flashi nilimuuliza kwanza kadi yake ni ipi. Alipewa faili tofauti.

Sauti ya kwanza niliyoipa mashine ni ya mama mmoja mkulima wa mwani, pwani ya Tanga, dakika 52. Nilizima hotspoti kabisa, nikabonyeza. Feni ikaanza kuvuma. Mistari ikaanza kutoka, mmoja mmoja, na dakika zake pembeni, na baada ya kama robo saa ilikuwa imemaliza.

Haikuandika vizuri sana, na sitamdanganya mtu. Whisper ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na Kiswahili kilikuwa tone tu katika bahari hiyo. Zipo sauti za Kiswahili zilizotolewa na watu wa kawaida kupitia Common Voice ya Mozilla, na nia yangu inayofuata ni kuiongezea modeli masomo kwa sauti hizo. Lakini nyingi ni za mtu anayesoma sentensi mbele ya skrini, si za bibi anayepaza sauti juu ya upepo wa bahari, ameshika kamba za mwani mkononi. Kuhariri dakika hizo 52 kulinichukua saa mbili na nusu. Ningeandika mwanzo hadi mwisho kwa mkono, ingekuwa zaidi ya nne.

Katika dakika ya 17 mashine iliandika: "mwana umekufa wote msimu ule". Nilisimama hapo. Mwana angekuwa "amekufa". Ile "um" ilikuwa imesikika sawasawa, imekaa pale ikidai jina lake. Nikarudisha sauti nyuma sekunde kumi, nikaongeza sauti, nikamsikiliza mama yule akieleza jinsi maji yalivyopata moto hadi mashamba ya baharini yakageuka meupe. Nikafuta herufi moja, nikaandika i.